Ng'ombe wa futi 33

Nilikulia Ujiji, kando ya maji yanayokaa. Ziwa Tanganyika lina mawimbi yake na upepo wake unaua, lakini ukizima injini boti inaelea pale pale na wewe unapata nafasi ya kufikiri. Mto Colorado, huku magharibi mwa Marekani, haukupi nafasi hiyo. Niliambiwa mapema, nikaitikia kwa kichwa tu, na sikuelewa mpaka propela ilipokatika.

Tuko wanne tuliotengeneza boti ya mpira ya kuushukia mto huo. Mimi ni fundi wa magari hapa Salt Lake City, jimbo la Utah. Mwenzangu wa Uvira, Kongo, anachomelea mabomba. Dada yetu wa Mombasa ni muuguzi. Wa nne ni Mmarekani mstaafu aliyepeleka watalii mtoni kwa miaka mingi, sisi tunamwita Babu na yeye amelizoea jina. Siku moja Babu alinionyesha maboya makubwa ya mpira yaliyolala ghalani kwake na kuniuliza kama mafundi wa Kiafrika wanaweza kufufua maiti. Nikamjibu kwamba kwetu gari halifi mpaka mwenye nalo achoke.

Maboya hayo ni ya aina yenye historia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani liliuza kwa bei ya mtumba maboya ya mpira yaliyokuwa yakibeba madaraja ya muda. Watu wa mtoni wakayanunua. Mwanamke mmoja, Georgie White, akaanza kuyafunga matatu pamoja na kushuka nayo Grand Canyon, korongo kubwa la mto huu huu, akiwa na injini nyuma, watu wakamwona kichaa, kisha wakaiga. La kwetu si la vitani, ila umbo ni lile lile: duara refu la futi 33, yaani mita 10 na ushee, lenye tundu katikati, na pembeni kila upande boya jembamba refu ambalo ncha yake imeinuka kama pembe. Ndiyo maana tuliliita Ng'ombe. Sababu ya pili ya jina ilijitokeza baadaye: haligeuki mpaka litake lenyewe.

Safari tuliyoilenga ni Cataract Canyon, korongo la maporomoko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands, kusini mwa mahali mto Green unapoingia Colorado. Wengi hupita huko kwa makasia, na mvumbuzi John Wesley Powell alipita mwaka 1869 kwa mashua za mbao. Lakini ukianzia Potash karibu na mji wa Moab, una kilomita kama 75 za maji tulivu kabla hujafika kwenye makutano, na upepo wa alasiri hukupiga usoni. Ukitoka kwenye maporomoko unaingia sehemu iliyokuwa mkia wa Lake Powell, ziwa la bwawa, na maji yanapungua kasi tena. Kwenye sehemu hizo mbili injini inakupunguzia siku nzima za kupiga kasia. Katikati, penye maporomoko, ina kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo mimi mtu wa ziwani nilipoumbuka.

Kwanza gundi. Nilidhani kiraka ni kiraka, kama cha tairi la baiskeli. Mpira unaukwangua kwa msasa mpaka mng'ao uishe, unaufuta kwa kiyeyushi, unapaka gundi nyembamba, unasubiri, unapaka tena, unasubiri mpaka ukigusa kwa kidole isivutike, ndipo unalaza kiraka na kukikandamiza kwa rola toka katikati kwenda nje ili hewa isibaki. Sisi tulifanya hayo mwezi wa pili, gereji ina baridi ya kugandisha ndevu. Viraka vyote vilibanduka kama magamba ya samaki. Tulivirudia Aprili, tukiwa na hita mbili na kipimajoto ambacho dada wa Mombasa alikilinda kuliko anavyowalinda wagonjwa wake.

Fremu ilikuwa kazi ya jamaa wa Uvira. Mabomba ya alumini, kona zote za mviringo, hakuna ncha ya bolti inayotazama mpira. Tuligombana siku nzima kuhusu jambo moja: yeye alitaka achomelee kila kiungo, Babu akakataa, akataka sehemu kubwa ifungwe kwa mikanda ya bizimu. Nilikuwa upande wa kuchomelea. Tulipoliweka Ng'ombe kwenye wimbi la kwanza na kuliona linajikunja kama funza anayetembea, nikajua Babu alikuwa sahihi: fremu moja ngumu ya urefu wote ingekatika, au ingekata mpira.

Kosa langu lilikuwa injini. Ni ya nguvu farasi 30, mipigo minne, na kwa mazoea ya mitumbwi ya abiria inayokwenda Kagunga niliifunga mwisho kabisa mkiani, nje ya mpira. Babu alisema, "Hapo itapigwa." Nikasema injini tangu dunia iumbwe hukaa nyuma. Hakubishana tena, nadhani alitaka mto unifundishe mwenyewe.

Mto ulifundisha kwenye maporomoko yanayoitwa Mile Long. Pua ilipozama, mkia ulinyanyuka juu, propela ikatoka majini ikapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Mkia uliposhuka, ulishukia jiwe. Bawa moja la propela likakatika, la pili likakunjwa, na tani kadhaa za mpira, mizigo na watu zikaanza kwenda kinyumenyume. Tulishika makasia mawili marefu ya akiba, watu wawili kila kasia, tukalisukuma Ng'ombe hadi kwenye maji yanayozunguka kando ya ukingo. Jamaa wa Uvira akaniangalia: "Yaya, hii mai haina heshima." Kwao yaya ni kaka, na mai ni maji.

Kubadili propela si kazi. Lakini pini ndogo inayozuia nati isifunguke iliniponyoka ikaingia kwenye tope laini la Colorado, na tope hilo halirudishi kitu. Tulikunja msumari ukashika hadi mwisho wa safari. Tangu siku hiyo hatufungui hata skrubu bila kutandika turubai chini, na pini za akiba zinakaa kwenye kopo la dawa lililofungwa kwa kamba shingoni mwa injini.

Kwa safari ya pili nilihamishia injini ndani ya tundu la duara, mpira ukiizunguka pande zote. Imekaa juu ya ubao wenye bawaba na mpini mrefu: ukiona jiwe unavuta, injini yote inapanda. Mkia ukinyanyuka, propela haiko mbali sana na maji. Tope la mto huo husaga pampu ya maji ya kupoozea injini, kwa hiyo mtu mmoja kazi yake ni kutazama ule mrija mdogo wa pembeni unaotoa maji hayo. Mimi huuliza tu, "Inakojoa?" Isipokojoa, tunazima kabla haijaungua.

Jambo lingine ambalo ziwa halikunifundisha ni hewa ya maboya. Asubuhi unajaza yakiwa ya baridi. Saa saba jua la jangwani limeyavimbisha, unasikia mishono inalalamika, lazima upunguze. Kisha unaingia kwenye maporomoko, maji baridi yanayapiga, yanalegea kama chapati. Kwa hiyo pampu haiwekwi chini ya mizigo.

Big Drop, maporomoko ya chini zaidi, tulizikagua kwa miguu, tukiruka juu ya mawe kwa karibu saa nzima. Ziko tatu zimefuatana, na ubaya wake ni kwamba ukikosea ya pili huna muda wa kujirekebisha kabla ya ya tatu. Siku hiyo mto ulikuwa na karibu mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Mwaka 1984, wakati wa mafuriko, ulipita mara tatu ya hapo na zaidi. Sikutaka hata kuwazia. Kwenye ya pili kuna mahali wanapaita Little Niagara: maji yanamwagika juu ya jiwe kubwa, yanachimba shimo, kisha yanajikunja kurudi nyuma. Boya likiingia humo linashikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya injini. Siyo kukimbia. Maji yenye povu yamejaa hewa, propela haishiki, ukiongeza gesi, yaani mafuta ya kuikimbiza injini, unapata kelele tu. Unachofanya ni mapema, maji yakiwa bado mazito na laini: unageuza pua ielekee juu mtoni kwa mshazari, injini inasukuma taratibu, na mto wenyewe unakupeleka upande unaoutaka. Kisha unanyoosha pua na kuingia. Babu alisimama nyuma yangu, hakushika mpini, alisema kitu kimoja tu: "Bakiza gesi." Niliingia na nusu. Ng'ombe alikataa kunyooka, kama desturi yake, shimo likapita kulia kwetu kwa umbali wa kasia, nikamaliza nusu niliyobakiza, na mkia ukafuata. Dada wa Mombasa aliimba kasida mpaka chini ya ya tatu. Anasema hakuimba.

Kutoa boti ndiko kulikotuchosha kuliko kote. Kwa kuwa Lake Powell imeshuka, gati la zamani la Hite haligusi tena maji, na tulipotolea, North Wash, ni mteremko wa udongo ulioliwa na mto. Trela ilizama hadi ekseli. Tulitoa hewa, tukafungua fremu kipande kwa kipande, bizimu kwa bizimu, tukabeba mabegani, na choo cha kubebea chenye siku zetu nne zote kikawa cha mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kutaja jina la wa kukibeba. Jamaa wa Uvira alikuwa ameketi juu ya boya lililolala, anapima kwa mkono. "Yaya," akasema, "la pili tulifanye futi 27." Mwezi wa kumi tulianza kutafuta mpira.