Mgao, Kanzidata na Barua za Muscat

Mwezi wa nane mwaka 2011, Dar es Salaam tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Maji ya bwawa la umeme la Mtera yalikuwa yamepungua, na huku kwetu Magomeni jenereta zilinguruma mchana kutwa. Kompyuta yangu ya mezani haikuwa na betri ya akiba. Umeme ukienda, nayo inaenda.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia KMail mpya, programu ya barua pepe. Ile ya zamani ilisoma barua zenyewe kwenye faili, basi. Hii mpya ilikuja na karani wa katikati, Akonadi, ambaye orodha zake zote aliziweka kwenye MySQL, kanzidata, yaani programu ya kutunza data kwa mpangilio. Niliona inasuasua, nikaingia kwenye mipangilio nikazima kinga moja ili iende mbio. MySQL huhifadhi data kwa kurasa za kilobaiti 16, na kila ukurasa huuandika kwanza pembeni kabla ya kuuweka mahali pake, ili umeme ukikatika katikati ibaki nakala nzima. Hiyo ndiyo kinga niliyoizima.

Siku ya pili umeme ukakatika barua zikiwa bado zinaingia. Uliporudi, kanzidata haikuamka, na KMail haikufunguka.

Nililowa jasho. Mdogo wangu yuko Muscat tangu 2006, na barua zake nilikuwa nazivuta kwa POP3, njia ya kuzishusha hadi kwenye mashine yangu, zikishashuka zinafutwa kwenye seva. Nakala pekee duniani ilikuwa kwenye diski ile.

Nikafungua dirisha la amri, nikaingia kwenye folda ya barua. Zilikuwepo! Kila barua na faili lake, majina marefu ya tarakimu, mwishoni :2,S au :2,RS. S maana yake imesomwa, R imejibiwa. Nikafungua moja ya RS, nikakuta mdogo wangu anaeleza alivyopika biriani ya Idi kwenye jiko la umeme, ukoko ukamshinda. Niliisoma yote hapohapo, kwenye maandishi meupe juu ya weusi. Kilichoharibika kilikuwa daftari la orodha tu. Barua hazikuguswa.

Hapo ndipo nikakaa chini kuchagua kanzidata kwa akili iliyotulia. Ndani ya faili la mipangilio la Akonadi, uchaguzi wote ulikuwa mstari mmoja: Driver, halafu QMYSQL, QPSQL au QSQLITE3, yaani kanzidata ya MySQL, PostgreSQL au SQLite.

Moyo wangu ulikuwa kwa SQLite. Faili moja, hakuna seva inayokesha nyuma, na kwenye simu za Android inafanya kazi vizuri tu. Nikaijaribu siku mbili. Tatizo ni kwamba Akonadi ana mikono mingi: mmoja unavuta barua, mwingine unatafuta, mwingine unaweka alama za kusomwa, na SQLite humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Kila zilipoingia barua nyingi, wengine wakabaki mlangoni na skrini ikaganda. Kwa programu inayoandika peke yake, hata leo ningeichagua bila kusita.

PostgreSQL niliiacha kwa sababu moja. Toleo lake kubwa jipya halisomi folda ya data ya toleo la zamani mpaka uihamishe, na mimi nilikuwa nasasisha mashine mara kwa mara.

Basi nikarudi MySQL, safari hii kinga nikairudisha, nikakubali kusubiri. Daftari bovu nililifuta, nikamwacha Akonadi aandike jipya kutoka kwenye faili za barua. Alichukua usiku mzima. Kabla ya hapo folda ya barua nilikuwa nimeinakili kwenye flashi, nikaiviringisha kwenye nailoni na kuiweka kabatini pamoja na vyeti vya shule.

Mdogo wangu alipopiga simu nilimweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi mwenyewe sina hata moja. Nazifutaga."

Jioni ya Alhamisi umeme ukakatika tena, barua zikiwa zinaingia. Nilikaa gizani nikiangalia taa ndogo ya mashine iliyozimika. Uliporudi, MySQL ilisoma kumbukumbu zake za maandishi kwa sekunde chache, ikaamka. Nikafungua folda ya Muscat na kuhesabu: 214, kama nilivyokuwa nimeandika kwenye karatasi.