Matabishi

Tangu Jumatano kuna neno limenikaa kooni kama mwiba, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, hana mwiba wa kumkaba mtu. Aliyelisema nadhani alishalisahau kabla sijavuka barabara.

Munamjua mama wa sambaza wa soko la Nyawera, hapa Bukavu, yule niliyewasimulia alivyonisukumia chini ya meza yake siku ya risasi, mwezi wa pili. Nimefika, watu wamejaa, ameinua kichwa na kusema kwa sauti ya kuita wateja: "Eeh! Watu wa Bulaya! Bado munakulaka sambaza?"

Wote wakageuka. Mimi nikacheka. Nikasema, "Mama, tuko hapa tu, twende wapi?" Akasema, "Haya basi." Akapima vikopo viwili, akafunga mfuko, halafu akaufungua tena na kuongeza matabishi, konzi mbili nzima, bila mimi kuomba. Munajua matabishi ya yule mama. Unamlilia, anakurushia samaki saba, na ukirudi nyumbani utakuta wawili wamevunjika.

Usiku nimelirudia neno hilo hadi godoro limechoka. Hakusema "munakula", alisema "munakulaka". Kana kwamba ni desturi tuliyopaswa kuwa tumeiacha. Kama alikuwa ananicheka, konzi mbili zilikuwa za nini? Na kama alikuwa ananihurumia, mbona kwa sauti ile, mbele ya vijana wa kubeba mizigo? Mara naona nilipaswa kujibu, "Hata huko sambaza wanauzwa." Mara nanyamaza kabisa na kumkazia macho. Katika jibu zuri kuliko yote, nililolipata saa nane usiku, silipi na ninaondoka. Ila ukweli ni kwamba nilicheka, nikalipa, nikasema aksanti.

Juma lenyewe halikukosa mambo: tulimzika mjomba Bagira, mitihani ilianza, na Jumatatu, tarehe 17 Novemba 2025, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, Shabana Mahmood, alisimama bungeni kwao akatangaza kwamba anayekubaliwa kuwa mkimbizi atakuwa anachunguzwa upya kila miezi 30, na atangoja miaka 20 badala ya 5 ndipo apewe makazi ya kudumu. Shemeji, mume wa Yaya, dada yangu mkubwa, ambaye yuko huko Uingereza, alituma ujumbe wa sauti usiku wa manane. Sikuusikiliza hadi mwisho.

Alhamisi nilikuwa napepeta sambaza hao hao kwenye ungo, Neema, binti wa Yaya, akiwa mlangoni na simu, anamfundisha mama yake Kiingereza cha kujitambulisha. Yaya anakwama kwenye jina lake mwenyewe, wanacheka. Hapo hasira yangu kwa yule mama wa watu ikaniishia, ikabaki kitu kingine ambacho sikukiandika hapa mwezi wa tisa.

Shemeji alipopata karatasi zake mwezi wa saba, mkimbizi aliyekubaliwa aliweza kuwaita mke na watoto walio chini ya miaka 18. Fomu haikulipiwa, wala hakuna aliyeuliza mshahara. Faili niliibeba mimi, kwa sababu Yaya na maofisi hawapatani. Kadi ya ubatizo inasema Neema, buletini ya shule inasema Nema. Herufi moja. Nikasema tuirekebishe kwanza.

Jumatatu tarehe 1 Septemba, Yvette Cooper, aliyekuwa waziri wakati huo, akatangaza kwamba njia hiyo inasimamishwa. Shemeji akapiga simu jioni ile ile: "Jaza vile iko, karatasi zitafuata." Nikamwambia, kwa sauti yangu ya kialimu, "Shemeji, wazungu hawapendi makosa. Nipe hadi Ijumaa."

Walifunga Alhamisi, tarehe 4, saa tisa alasiri kwa saa za kwao. Waliotuma kabla ya hapo, faili zao zinaendelea. Jina tulilirekebisha. Liko sawa sasa, na muhuri.

Sasa imebaki njia ya kila mtu: anayemwita mkewe awe anapata pauni 29,000 kwa mwaka. Shemeji anapanga maboksi usiku kwenye depo kwa kima cha chini cha huko cha mwaka 2025, pauni 12 na senti 21 kwa saa. Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani ya mwanafunzi (nitampa nyingine): saa 40, majuma 52, haifiki hata 26,000. Na fomu, kwa bei ya 2025, ilikuwa pauni 1,938 kwa kichwa, kabla ya ada ya matibabu. Mke naye lazima afanye mtihani wa Kiingereza. Neema anatimiza miaka 18 mwezi wa pili.

Shemeji hajawahi kunirushia neno kuhusu ile Ijumaa. Ananisalimia vilevile, anauliza kuhusu mvua. Yaya hajui kabisa kwamba simu ile ilipigwa. Anajua tu kwamba walifunga. Na mama wa Nyawera, ambaye hajui chochote kuhusu herufi wala tarehe, ndiye peke yake aliyeniuliza waziwazi mbona bado tuko hapa.

Tulikula. Yaya alichungulia sufuria akasema, "Leo alikupendelea." Nikasema, eeh, soko lilikuwa jepesi.

Kitu kingine: ule ukuta wa nyuma, upande wa choo, umeanza tena kutoa maji. Jirani wa juu anachimba msingi na udongo wote anaumwaga kwenye mfereji wetu. Leo asubuhi nimepitisha kidole kwenye ufa, kikaingia hadi kwenye kiungo cha pili. Wiki iliyopita kilikuwa kinaishia kwenye ukucha. Fundi anasema atakuja Jumatatu, na huku ng'ambo ya ziwa kumeshakuwa kweusi.