Ngamia, nyoka na mishikaki: nilivyonyoosha majina ya faili la mishahara

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, mvua imeanza kushuka Moi Avenue, simu ikalia. Alikuwa mhasibu wa sacco tuliyoiundia mfumo wa mishahara. Ofisini sote humwita Madam, hata bosi.

"Kijana wangu, benki imerudisha faili. Hii ni mara ya pili. Watu wangu wanaulizia mshahara, niwaambie nini?"

Mwezi huo sacco ilikuwa imehamia benki nyingine, na benki hiyo mpya ilitaka mishahara iletwe kwa XML, muundo wa faili unaofunga kila taarifa ndani ya tegi, yaani jina lenye mabano kama <Jina>. Nikalifungua faili. Majina ya watu yalikuwa sawa, akaunti sawa, kiasi sawa. Barua pepe ya benki nayo ilikuwa na mstari mmoja unaoanza na cvc-complex-type.2.4.a. Aliyewahi kupeleka XML popote anaujua mstari huo na hana hamu nao. Kwa lugha ya watu ulikuwa ukisema: nimekuta <Krapin> mahali nilipotarajia <KraPin>. Hiyo ni PIN ya KRA, namba ya mlipakodi. Herufi moja tu, na watu sitini na wawili hawajalipwa.

Mtu wa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, hushangaa akisikia hivi, maana kivinjari hakijali ukiandika tegi kwa herufi kubwa au ndogo. XML inajali, na imejali tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoipitisha mwezi wa Februari 1998. Kwake hayo ni majina mawili yasiyojuana kabisa.

Chanzo kilikuwa sisi wenyewe. Mfumo ule umepita mikononi mwa watu watatu. Wa kwanza alikuwa mtu wa Java, lugha ya kuandikia programu, akaandika kwa mtindo wa ngamia: firstName, bankCode, nundu moja katikati. Wa pili alitoka kwenye Python, akaleta nyoka wake: nssf_no, maneno yametambaa chini yakiungwa na mstari. Wa tatu ni mimi, na mimi ndiye niliyeandika getKRAPin, kwa sababu hapa Kenya sijaona mtu akiandika "Kra".

Sasa angalia Jackson, maktaba ya Java tunayotumia kugeuza objekti kuwa XML, ilivyoyasoma hayo. Ikikuta geta (kipande cha msimbo cha kutoa thamani, kama getKRAPin) yenye herufi kubwa zimefuatana mwanzoni mwa jina, huzishusha zote kwa pamoja mpaka ikutane na herufi ndogo. KRAPin ikawa krapin. Nami nilikuwa nimeiagiza mtindo wa UPPER_CAMEL_CASE, ambao kazi yake ni kuinua herufi ya kwanza basi. Krapin ikazaliwa. nssf_no ikatoka Nssf_no, ngamia aliyevaa ngozi ya nyoka. Mashine haikukosea popote; iliyapokea majina yaliyochanganyika ikayarudisha yakiwa yamechanganyika.

Ijumaa hiyo sikurekebisha lolote la maana. Niliandika mistari kumi na minne ya kubadilisha maneno ndani ya faili lililokwisha kutoka, tafuta hili weka lile, nikalituma saa kumi na moja kasoro. Pesa zikaingia. Msimbo ulikuwa wa aibu, lakini mtu anayengoja kodi ya nyumba haulizi msimbo wako umekaaje.

Jumatatu nikaingia na bidii mbaya. Nilibandika @JsonProperty, kibandiko kinachoiambia Jackson jina la kutumia, juu ya kila sehemu ya klasi (kiolezo cha data ya mfanyakazi), arobaini na tatu kwa hesabu yangu, kila moja na jina lake la benki. XML ikapendeza. Kabla ya saa sita mchana Madam akapiga tena: vijana wakifungua stakabadhi zao za mshahara kwenye simu, wanaona nafasi tupu. Klasi ile ile ndiyo inayotoa JSON, muundo mwingine wa data, kwa ajili ya programu ya simu, na kibandiko hicho hubadilisha jina pande zote mbili. Isitoshe, kwenye arobaini na tatu nilikuwa nimeandika EmployeName mahali pamoja, e moja imetoroka. Ukiandika jina kwa mkono mara arobaini na tatu, utakosea.

Nikavibandua vyote. Hapo ndipo niliona kuwa majina ya ndani ni yetu, ya kwenye faili ni ya benki, na kazi ya kuyapatanisha ni ya yule anayesimama mlangoni peke yake. Kwa hiyo nikatengeneza wageuzaji wawili wa Jackson. ObjectMapper ya JSON nikaiacha na ngamia wake wa kawaida. XmlMapper nikaiwekea mtindo wa benki mara moja, mstari mmoja, mahali pamoja. Klasi haijui lolote kuhusu benki.

Ila mtindo hauwezi kuokoa majina machafu, ikabidi nisafishe ndani kwanza. Kanuni yangu sasa ni kwamba kifupisho ni neno kama neno lingine: getKraPin, getNssfNo, getShifNo. Macho yalikataa wiki nzima, kisha yakazoea. Wanaobisha huwaonyesha XMLHttpRequest ya kivinjari: vifupisho viwili ndani ya jina moja, kimoja kimeandikwa kwa herufi kubwa zote, cha pili kwa herufi kubwa moja. Hata wakubwa walitatizika.

Kulikuwa na shimo jingine ambalo mtindo haugusi hata kidogo. Makato tulikuwa tumeyaweka kwenye Map: ufunguo ni jina la kato, thamani ni kiasi. Mtindo wa majina hufanya kazi kwenye sehemu za klasi, funguo za Map hupita zilivyo. Hivyo "PAYE", kodi ya mshahara, ikatoka <PAYE>, sawa, halafu "Housing Levy", tozo ya nyumba, ikatoka ikiwa na nafasi katikati ya tegi, na hiyo si XML tena. Wazo langu la kwanza lilikuwa kufuta nafasi. Nikakumbuka ya NHIF, bima ya afya ya taifa hapa Kenya. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka kwenye makato ikaja SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, na siku zile tulikesha tukibadilisha jina kila kona ya mfumo. Jina la kato ni data. Serikali hulibadilisha ikitaka. Likae kwenye thamani, yaani <Deduction Type="Housing Levy">, na tegi yenyewe ibaki vile vile hata Bunge lilete kato jingine kesho. Bahati nzuri benki ilikuwa na nafasi ya namna hiyo kwenye skima yake, waraka wa kanuni za faili.

Orodha nazo zina kero yake ndogo. Usipoiambia kitu, Jackson huupa mfuko na kila kilichomo jina lile lile, unapata employees ndani ya employees. Hapo niliandika majina kwa mkono, <Employees> nje na <Employee> ndani. Jina ulilolitaja waziwazi kwenye kibandiko mtindo hauligusi, kwa hiyo mambo mawili matatu ya pekee kama haya yanaishi bila fujo.

Skima yenyewe, nikiri, benki ilikuwa imetutumia tangu mwanzo. Faili lake, la XSD, lilikuwa limelala kwenye zipu ambayo hakuna aliyeifungua. Sasa kila tukijenga mfumo, jaribio moja linatoa faili la mfanyakazi wa kubuni na kulipima kwa XSD hiyo. Likikosea, nagundua mimi nikiwa na chai mkononi, si Madam Ijumaa saa tisa.

Baadaye mteja mwingine alitaka maneno yaungwe kwa kistari, employee-name, mtindo ambao hapa ofisini tunauita mishikaki. Nilibadilisha mstari mmoja nikajiona fundi, mpaka nilipotazama juu kabisa: tegi ya mzizi bado ilikuwa <PayrollBatch>. Mzizi huchukua jina la klasi, mtindo wa sehemu haumfikii. Kibandiko kimoja juu ya klasi kikamaliza.

Wiki iliyopita Madam ameleta habari kwamba wanafikiria benki ya tatu, na hii inataka pain.001 ya ISO 20022, muundo wa kimataifa wa maagizo ya malipo. Nimeufungua waraka wake: <GrpHdr>, <NbOfTxs>, <CreDtTm>. Nani atanipa mtindo wa kutoa NbOfTxs kutoka numberOfTransactions? Hakuna. Nimefungua klasi mpya kando, ya faili hilo tu, na ninayaandika majina moja moja nikiyalinganisha na XSD. Nimefika la ishirini na sita.