Jinsi nilivyofanya xpdf ifungue PDF zangu zote

Kila nikibofya PDF kwenye Linux yangu, ilikuwa inafunguka programu nzito nisiyoihitaji. Mimi nataka xpdf, kisomaji cha PDF, kizee cha Unix kisicho na mbwembwe. Shida ni kwamba niliikompaili mwenyewe (yaani niliijenga kutoka msimbo wake), kwa hiyo kwenye orodha ya "Fungua kwa" haikuwemo kabisa.

Kumbe orodha ile husoma faili za .desktop, yaani faili fupi za maandishi zinazoutambulisha mfumo kwa programu. Nikaandika xpdf.desktop ndani ya ~/.local/share/applications:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Xpdf
Exec=/usr/local/bin/xpdf %f
MimeType=application/pdf;

Hiyo %f usiiache, ndiyo inayobeba jina la faili. Halafu, kwenye terminal, nikaifanya iwe programu ya kawaida ya kufungulia PDF (application/pdf ni jina la aina hiyo ya faili):

xdg-mime default xpdf.desktop application/pdf

Nikahakiki:

xdg-mime query default application/pdf

Ikajibu xpdf.desktop. Nikabofya mkataba wa nyumba, ukafunguka kabla sijatoa kidole kwenye kipanya.