Moshi wa Attukal

Jamani nimerudi, nguo zote zinanuka moshi, macho mekundu, ila niandike leoleo kabla sijasahau. Attukal Pongala hiyo! Hapa Thiruvananthapuram, jimbo la Kerala, India, ikikaribia hamna stori nyingine. Inaangukia Februari au Machi, sikukuu yenyewe siku 10 lakini mambo yote yako siku ya 9, wanawake wanapika wali mtamu barabarani kumpikia Bhagavathy, mungu wa kike wa hekalu la Attukal. Wanawake tu. Wanaume wanagawa maji pembeni, na wala sikuwaonea huruma.

Chechi (dada mkubwa ndo anaitwa hivyo huku) kaniamsha saa tisa usiku, nikajua tumewahi, kumbe barabara imeshajaa, wengine wamelala palepale wakilinda matofali yao. Tukajibanza mbele ya duka limefungwa. Matofali matatu, yaani mafiga kabisa, chungu cha udongo, mchele, sukari guru, nazi, makuti makavu ya kuwashia. Alafu unakaa unasubiri. Huruhusiwi kuwasha!

Maana moto unatoka hekaluni. Kule wanaimba kisa cha Kannagi, yule mke ambaye mumewe alisingiziwa kaiba kikuku cha malkia, mfalme wa Pandya akaamuru auawe, mke akathibitisha mbele ya mfalme kuwa ule ni uongo kisha akauteketeza mji wa Madurai kwa hasira. Watu wanaamini Bhagavathy wa Attukal ndo yeye. Wimbo ukifika pale mfalme anapokufa, jiko la kwanza linawashwa, kisha moto unapokezanwa jiko kwa jiko, mtaa kwa mtaa, kilomita na kilomita. Mwaka 2009 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, waliandika wanawake milioni 2.5, mi nilidhani chumvi mpaka nilipoona leo.

Kwetu ulifika saa nne na kitu, mama mmoja nisiyemjua kanipa kuti linawaka, vigelegele vikapanda mtaa mzima na nikalia, sijui moshi sijui nini. Chungu lazima kifurike, ndo maana ya pongala, changu kikagoma gomaa mpaka Chechi akaanza kunicheka, kilipofurika nilipiga kelele kuliko wote.

Mchana makuhani wakapita kunyunyizia maji matakatifu, basi, watu wakaanza kufungasha. Matofali nimeyaacha palepale, manispaa inayakusanya kujengea nyumba za wasio na uwezo. Chungu nimebeba mwenyewe, cha moto, mpaka nyumbani.