Mkato Mmoja Kwenye Wasifu wa Marehemu

Kila ninapopitia Kiingereza cha watu, kuna mahali huwa siharakishi: pale mwenye kitu anapotajwa kwanza, kisha ikafuata "who" au "that". Ukisema "my brother", msikilizaji anachukulia kuwa anajua ni ndugu yupi. Ukiongeza "who lives in Kitale" bila mkato, umeshamwambia kwamba ndugu zako ni zaidi ya mmoja na unamchagua yule wa Kitale. Weka mkato kabla ya "who", naye anakuwa ndugu wa pekee, Kitale ikiwa habari ya ziada tu.

Jana jioni jirani yangu hapa Umoja aliniletea wasifu wa marehemu baba yake niupitie kabla haujaenda kupigwa chapa River Road. Familia nyingi hapa mjini huandika wasifu kwa Kiingereza hata ibada ikiwa ya Kiswahili au Kikamba, nami sioni ubaya. Nilisimama kwenye "his daughter who works in Nairobi".

"Dada, mabinti mko wangapi?"

"Ni mimi tu, Mwalimu."

Mkato ukaingia. Mbele kidogo kulikuwa na "his son who lives in Eldoret". Wavulana ni watatu, kwa hiyo hapo sikugusa kitu, ingawa mimi ningependelea "a son of his who lives in Eldoret", maana ile "of his" inamtoa mmoja miongoni mwa wengi bila kumbabaisha msomaji.

Kisha nikafika kwenye "his wife who died in 2009". Nikamweleza jinsi sentensi hiyo inavyosomeka bila mkato: kwamba mzee alikuwa na mke mwingine. Alinyamaza. "Yupo," akasema, "lakini hilo siwezi kuliamua peke yangu." Akampigia kaka yake mkubwa, wakazungumza Kikamba kwa muda mrefu huku karatasi iko mezani baina yetu. Mwishowe wakakubaliana iandikwe "his first wife, who died in 2009", na mama mdogo atajwe kwa jina lake kwenye mstari unaofuata. Nilifurahi sana. Kijitabu cha mazishi hutunzwa kabatini miaka na miaka, na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimwachi nje mke wa ndoa ya kimila. Mkato ungemfuta mama yule mbele ya waombolezaji wote, na hakuna ambaye angekuwa amekusudia.

Lilibaki jambo jingine, nalo ndilo huwasumbua zaidi wanafunzi wangu wa jioni. Wasifu ulisema "the teacher's house who taught him". Sisi hatupati shida hapo: nyumba ya mwalimu aliyemfundisha, nyumba ya mwalimu iliyoungua, kiambishi cha ngeli kinatuonyesha nani anazungumziwa. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo, na jina likishabeba ile "'s", "who" inayokuja baada ya nyumba haiwezi kuruka nyuma ikamshike mwalimu. Dawa ni kugeuza mpangilio: "the house of the teacher who taught him".

Ila dawa hiyo ina mpaka. Aya ya mwisho ilikuwa na "a friend of his uncle who paid his school fees". Nani alilipa karo, rafiki au mjomba? Hapa hata Kiswahili hakituokoi, kwa sababu rafiki wa mjomba aliyemlipia karo ni watu wawili wa ngeli moja. Nikauliza. Alikuwa rafiki, mzee ambaye bado yuko hai na atakuwepo mazishini, na jina lake halikuwa limeandikwa popote. Tukaivunja sentensi, mjomba akapata yake, na yule mzee akatajwa kwa majina yake yote mawili.