Nilivyoliondoa dai la hakimiliki kwenye video yangu ya gemu

Nina chaneli ndogo ya gemu YouTube. Nacheza mpira wa pleisteshen huku nikitangaza kwa Kiswahili, na kipa akifungwa kizembe nachomekea Kigogo. Watazamaji wangu wengi ni vijana wa Dodoma waliokulia kwenye vibanda vya gemu vya Majengo na Chang'ombe, watu ambao kwa ubishi hawajambo. Kila video inafunguliwa na sekunde chache za muheme, ngoma za akina mama wa Kigogo, nilizozirekodi mwenyewe Mvumi kwenye kundi la shangazi yangu.

Siku dai la hakimiliki lilipoingia, mapato ya matangazo ya video yangu inayotazamwa kuliko zote yakahamia kwa mtu mwingine. Nikaposti picha ya lile dai. Moto ukawaka.

Mmoja akasema nijitetee kwa "matumizi ya haki". Ushauri huu kila mwenye bando anao. Tatizo ni kwamba hiyo ni kanuni ya sheria ya Marekani, ambako jaji hupima mambo manne: umetumia kwa kusudi gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umemharibia mwenyewe soko au la. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiendi hivyo. Yenyewe inataja matumizi yasiyohitaji ruhusa, kama kunukuu, kufundishia na matumizi binafsi, kila moja na masharti yake. Mwingine akanishauri niandike chini ya video kwamba sikukusudia kuiba kazi ya mtu. Maneno hayo yamejaa mitandaoni na sijawahi kuona yakimsaidia yeyote. Ni kama kupanda daladala bila nauli halafu ukamwambia konda hukukusudia.

Wakaja wa "gemu umelinunua, ni lako". Ukinunua nakala hujanunua hakimiliki, na kuhusu kurekodi video kila kampuni ina msimamo wake. Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, mwaka 2013 ilianza kujichukulia mapato ya matangazo kwenye video za wachezaji, watu wakachukia sana, na kufikia mwishoni mwa 2018 ikatoa mwongozo unaoruhusu video hizo ilimradi uongeze chako, kama kutangaza au kuchambua. Hata ukiruhusiwa, nyimbo zinazopigwa kwenye menyu ya gemu mara nyingi zina wenyewe wengine kabisa, na ruhusa ya kampuni ya gemu haiwagusi. Ndiyo maana mimi muziki wa menyu nauzima kabla sijaanza kurekodi.

Kisha mtu akaandika kwamba Wazungu wameiba ngoma ya Wagogo. Basi! Gemu likasahaulika. Hata jina la marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, likaburutwa humo, eti naye aliibiwa, wakati albamu alizorekodi na Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza, zimebeba jina lake kwenye jalada. Watu walitukanana mpaka usiku, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza dai limeandikwa nini.

Mimi nikalifungua. Dai la namna hii linatoka kwenye mfumo wa kompyuta unaolinganisha sauti, na linakuonyesha kipande kinachofanana kinaanzia wapi na kuishia wapi, wimbo unaodaiwa, na nani anaudai. Kipande kilianza sekunde ya kwanza kabisa na kuishia pale ninaposalimia. Kumbe ugomvi wote ulikuwa juu ya muheme wangu. Wimbo uliotajwa ulikuwa wa Bongo Fleva, umewekwa na msambazaji wa nje kwa niaba ya msanii.

Nikavaa hedifoni nikausikiliza. Chini ya biti, ngoma ile ile. Halafu, kabla sauti ya msanii haijaingia, jogoo anawika, na nyuma yake mama mmoja anakohoa. Yule jogoo namfahamu.

Kumtafuta msanii hakukuwa kazi. Ni kijana produza wa Nkuhungu. Baada ya kurekodi nilimtumia shangazi klipu kwa WhatsApp ili kundi lijisikilize. Ikatembea kwenye magrupu ya ukoo mpaka ikamfikia.

"Kaka, mimi nilijua ni ngoma ya jadi, haina mwenyewe," akaniambia kwenye simu.

"Dogo, mdundo ni wa Wagogo wote. Ila hiyo rekodi ina jogoo wa shangazi yangu."

Akacheka, nami nikacheka, tukaanza kuongea vizuri. Nikamweleza kwamba rekodi ina haki za aliyeirekodi, wapigaji nao wana haki zao kama watumbuizaji, na sanaa za jadi zenyewe zina sehemu yao katika sheria. Yeye hata hakujua kama kuna dai. Wakati wa kupakia wimbo alitiki kila kisanduku alichokutana nacho, na kimoja kiliuingiza kwenye mfumo wa kulinganisha sauti. Humo unatakiwa kuingiza sauti ambayo ni yako peke yako.

Sikumsubiri yeye tu. Nilituma pingamizi nikieleza kwamba rekodi ni yangu, imerekodiwa lini na wapi, na kwamba wapigaji wameniruhusu. Faili halisi la kwenye simu, refu kuliko kipande cha dogo, na sauti ya shangazi akitoa ruhusa nikaviweka tayari endapo vingehitajika. Mdai ana siku 30 za kujibu. Dogo akamwandikia msambazaji wake, na dai likaondolewa kabla muda haujaisha.

Wimbo wake hatukuuzima. Ameongeza jina la kundi kwenye maelezo na amekubali kuwagawia akina mama. Sasa tunaandaa karatasi za kuisajili rekodi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Hakimiliki haianzi na usajili, ila cheti kinapunguza maneno siku mkibishana.

Kwenye komenti bado wapo wanaowalaani Wazungu. Shangazi yeye hana habari nao. Ameniuliza ile biti imeingiza shilingi ngapi mpaka leo, na dogo kila nikimpigia anasema ripoti ya msambazaji haijafika.